Eti Sinema Wanaangalia Kimya

Naomba mnieleze, maana wajukuu wamenishinda: tangu lini mtu akanunua tiketi ya sinema halafu akakatazwa kusema? Stelingi anaingia ndani ya nyumba. Jambazi yuko nyuma ya mlango, ukumbi mzima unamwona, na watu wamekaa tu wanatafuna bisi. Nikapaza sauti: "Nyuma yako, wewe!" Mjukuu akanibana mkono, "Babu, shh." Dada wa mstari wa mbele akageuka kunitazama kana kwamba nimeingia na mbuzi. Sasa yule stelingi angeuawa, lawama ingekuwa ya nani?

Na mlangoni nilishapekuliwa mfuko na kunyang'anywa karanga. Karanga! Eti chakula cha nje hakiruhusiwi, kanunue humo ndani. Bei ya bisi za humo ndani sitaitaja, nina presha.

Sisi sinema tulifundwa Drive-In, kule Msasani. Vijana mnalisikia jina mnadhani ni kituo tu cha kushukia. Ilikuwa sinema ya uwanjani, unaingia na gari na kuangalia ukiwa humohumo ndani ya gari. Ilifunguliwa 1966. Azimio la Arusha likaja 1967. Yaani mwaka mmoja kabla ya kutangaziwa kwamba sote ni wajamaa, Dar es Salaam ilishajengewa sinema ya wenye magari! Na wenye magari tulikuwa tunawajua kwa majina. Lakini mjini hakuna kisicho na njia: mtu mmoja kwenye ukoo akiwa na pikapu, ukoo mzima una pikapu.

Uwanja ulikuwa na matuta, unapandisha matairi ya mbele ili gari liangalie juu. Pembeni kuna mlingoti wenye spika, unaichomoa na kuining'iniza dirishani. Wa mbele wanabaki na spika, sisi wa nyuma tunabaki na mbu. Mikeka ipo, sufuria la pilau lipo, na shangazi analia kabla hata picha haijachanganya kwa sababu wimbo wa kwanza anaujua. Spika ikianza kukwaruza, mnahamia kwa jirani. Unajikuta unakula sambusa za watu msiofahamiana na kumtukana jambazi kwa pamoja, na mpaka picha inaisha mmeshaulizana mnatoka wapi na nani ana binti wa kuoa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, picha ya Kihindi. Basi ikaja miaka ya shida ya mafuta, serikali ikapiga marufuku kuendesha gari Jumapili kuanzia saa nane mchana. Hebu lipangeni wenyewe kichwani: sinema ni ya magari, siku ya kujaa ni Jumapili, na Jumapili magari hayatembei. Mimi hata mngenilipa nisingeweza kutunga kichekesho hicho. Na gari lenyewe likiharibika spea hakuna, liko juu ya mawe, kuku anatagia kiti cha dereva. Picha mpya nazo zilitaka fedha za kigeni, kwa hiyo tuliangalia zilezile mpaka tukawa tunamtangulia stelingi kusema maneno yake.

Halafu wenye ndugu Uarabuni wakaletewa deki za video. Televisheni huku bara tuliipata 1994. Wazanzibari walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70, na walitusimanga ipasavyo. Tukaingia vibanda umiza vya kuonyeshea video, benchi la ubao, joto, sauti ya Lufufu inatafsiri picha kwa Kiswahili na kuongeza ya kwake. Kuumia tuliumia, lakini kelele tulipiga. Mjini nako Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox zikazimika moja moja. Ukimtajia mjukuu majina hayo anadhani unamtuma sabuni.

Uwanja wetu wa Msasani sasa ni ubalozi wa Marekani. Ubalozi wao wa zamani ulilipuliwa kwa bomu Agosti 1998, watu 11 wakafa, na mpya ukafunguliwa pale 2003. Msiba siutanii. Ninachosema ni kwamba pale tulikuwa tunalipa kiingilio kuwaangalia Wamarekani wakirushiana risasi juu ya farasi wao; sasa wamekuja wenyewe, na kuwaona mpaka uwe na miadi. Jaribu kufika na mkeka.

Nyumbani ndiko nilidhani nitapumzika. Mama watoto ana tamthilia yake ya Kituruki kwenye simu, hedifoni masikioni. Juzi namsikia analia chumbani, nikajua kuna msiba, nikakimbia pekupeku na taulo. Kumbe kuna mchumba kaachwa huko Istanbul. Nikauliza, kaachwa na nani? Akasema nimechelewa mno, hiyo ni sehemu ya mia na kitu, hawezi kuanza kunisimulia. Nikamwambia basi nigawie hata upande mmoja wa hizo hedifoni, mke wangu, na mimi nilie.

Kanipa ule uliokufa.