Heri ya miaka 200, lakini wale watoto mmewaweka wapi?

Mwaka 2025 Waingereza walisherehekea miaka 200 ya reli, wakihesabu tangu Septemba 27, 1825, siku injini ya George Stephenson ilipovuta mabehewa kutoka Shildon hadi Stockton. Kila ukifungua simu: "Hapa ndipo reli ilipozaliwa." Basi ilizaliwa na ndevu. Huko huko kwenye jimbo la Durham, iliko Shildon, limesimama daraja la Causey, lililoanza kujengwa 1725 na fundi mawe Ralph Wood, ili farasi wavushe makaa ya mawe juu ya reli za mbao kuelekea Mto Tyne.

Haya, 1825 ilikuwa na lake: mvuke, tena kwenye reli ya umma. Nawapa hilo. Ila hata reli hiyo ilijengwa hasa kwa ajili ya makaa.

Tena kuwasahau farasi kuna nafuu. Kinachonichoma ni Silkstone, Yorkshire. Makaa ya kijiji hicho yalisafirishwa kwa reli ya farasi kwenda mfereji wa Barnsley tangu 1809, na mawe yaliyoshikilia reli bado yapo. Sasa sogea hadi Julai 4, 1838, mgodi wa makaa wa Huskar, hapo hapo Silkstone. Mvua kubwa ikanyesha, mashine ya kuwapandisha watu ikasimama. Watoto waliokuwa chini wakaamua kutokea kwenye njia ya mteremko iliyofungukia msituni. Kijito kikafurika, maji yakaingia kwa kishindo, yakawabana kwenye mlango wa kuongoza hewa mgodini. Walikufa 26: wasichana 11, wavulana 15. Wengine hawajatimiza hata miaka 10! Sheria ya kuwakataza wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi ilikuja 1842.

Wanakijiji wana mnara wao kwenye uwanja wa kanisa, wenye majina yote. Taifa lina injini ya kupiga nayo picha.

Tusicheke sana. Makumbusho ya Reli Nairobi, behewa ambamo Ryall, ofisa wa polisi wa kikoloni, aliuawa na simba mwaka 1900 ndilo kila mtu anataka kuliona. Vibarua wa Kihindi wapatao 2,500 waliokufa wakijenga reli ile ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria? Simba wana mvuto zaidi, nadhani.

Mwaka 2038 Huskar itatimiza miaka 200. Waziri akifika Silkstone na shada la maua, nitaandika makala nyingine ya kumwomba radhi.