Bepari alikuwa mfanyabiashara

Juzi nilikuwa namsaidia binti wa dada yangu kazi za shule. Kwenye daftari lake, chini ya maana za maneno, ameandika: "Bepari: mtu mbaya anayenyonya wengine." Mwalimu kaweka vema. Leo siku ya tatu, na vema ile bado inanichoma.

Babu yetu alikuwa na duka Pangani. Viberiti, sabuni ya mche, mafuta ya taa, khanga chache zilizotundikwa mlangoni. Watu walikopa hadi mavuno, na wengine mpaka anazikwa walikuwa hawajalipa. Mama anasimulia kwamba akiwa darasa la tatu wenzake walimwimbia "mtoto wa bepari", akarudi nyumbani analia. Babu akashangaa. "Sasa mwanangu, unalia nini? Si ndiyo kazi yangu?" Katika Kiswahili alichokulia yeye, bepari ni mfanyabiashara, basi. Neno lilivuka bahari pamoja na watu wa Gujarat na vitambaa vyao. Kwao mpaka leo mfanyabiashara ni vepari. Lilikuwa jina la kazi, kama seremala au mvuvi.

Kabaila naye yalimkuta hayo hayo. Zamani alikuwa mtu wa ukoo wenye heshima, shina moja la Kiarabu na neno kabila. Likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967, likamtaka kiongozi asijihusishe na mambo ya kibepari wala ya kikabaila, na tangu hapo maneno yote mawili yakawa matusi.

Upande wa pili ukapewa neno gani? Ujamaa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alilitumia kueleza siasa yake, na ukilitazama utaona jinsi lilivyochaguliwa kwa ustadi: jamaa, mtu wako, wa kula naye sahani moja. Nani angesimama mkutanoni aseme anaupinga ujamaa? Ni kama kuwakana ndugu zako hadharani. Neno moja limetoka sebuleni, lingine limetoka sokoni, tena soko la wageni. Ubishi wenyewe ulikuwa mzito: nani amiliki ardhi, serikali iingie dukani kwa mtu kiasi gani, jasho la mkulima limfae nani. Lakini mmoja aliingia kwenye ubishi huo akiwa ndugu, mwenzake akiwa kupe. Mwenye hoja ya pili alishindwa kabla hajafungua mdomo, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu hoja iliyozimwa kwa jina haijajibiwa.

Nakubali, wanyonyaji walikuwepo. Mirija ilikuwepo, na waliokatwa mirija hiyo wengi wao walistahili. Nakubali pia kwamba neno ujamaa liliwapa watu wetu heshima ambayo hakuna neno lingine lingewapa. Ila babu yangu na daftari lake la madeni hakuwa kupe.

Kisha tazameni kilichofuata. Katikati ya miaka ya 1980 milango ikaanza kufunguliwa, maduka yakajaa. Nani alisema tunaingia ubepari? Hakuna. Tukaambiwa ni "soko huria", neno lenye harufu ya uhuru ndani yake. Mwenye mtaji akawa mwekezaji. Katiba yetu, ibara ya 3, bado inasema nchi hii ni ya kijamaa. Tulibadilisha njia bila kujadiliana kwa sauti, kwa sababu neno la kujadilia tulikuwa tumeshalitia sumu.

Majina ya siasa ya kushoto na kulia nayo hayatusaidii. Yametoka kwenye viti vya baraza la Ufaransa mwaka 1789, waliotaka mfalme abaki na nguvu zake kulia, wengine kushoto. Kwa Mswahili mkono wa kushoto haupokei wala hausalimii. Na "mpinzani" linatuambia mtu anakataa nini, halisemi anaamini nini.

Walimu, nawaombeni: mkifundisha neno hili, wapeni watoto maana zote mbili, na mwaambie ni lini ya pili iliifunika ya kwanza. Watakuja kupiga kura hawa.

Binti nilimwambia aache jibu lake lilivyo, alama zisipotee. Usiku akaja kuniuliza kama duka la babu bado lipo. Nikamwambia jengo lipo, linauza vocha.