Seva saba au mbili: mhasibu anaulizwa swali ambalo sio

Kwenye makampuni mengi ya hapa Mwanza, kuanzia viwanda vya minofu mpaka wauzaji wa jumla wa mjini, hoja ya kuunganisha seva, yaani programu zilizo kwenye mashine nyingi kuhamishiwa kwenye mashine chache kubwa, ikifika kwa mhasibu inafia hapohapo. Na namwelewa. IT kamletea karatasi ya kununua mashine mbili kubwa mpya, mamilioni kibao, wakati kwenye chumba cha seva kuna saba zinawaka taa za kijani na hakuna anayelalamika. Ila mara nyingi hoja yenyewe sio mbovu, imeandikwa vibaya tu, kurasa tano za prosesa na ramu halafu hakuna sehemu inayosema kampuni inapoteza nini ikikaa hivihivi.

Chukua umeme. Seva ya zamani inayovuta wastani wa wati 300 haizimwi, saa 24 siku 365, hizo ni uniti 2,628 kwa mwaka, zidisha saba unapata 18,396. Bado AC, maana umeme wote unaoingia kwenye seva unatoka kama joto na lile joto lazima litolewe, AC ikiwa nzima ongeza kama theluthi, tayari uko kwenye uniti 24,500 na kitu. Anayenunua LUKU kwa karibu shilingi 350 kwa uniti anaongelea kama milioni 8.6. Na kazi inayofanyika humo ni ndogo sana, kawaida seva za mtindo huu, kila programu na mashine yake, prosesa inatumika asilimia 5 mpaka 15 tu, muda uliobaki zinasubiri, na seva inayosubiri bado inakula karibu nusu ya umeme wake. Sasa weka mbili mpya za wati 400 kila moja, pamoja na AC ni uniti 9,344, kama milioni 3.3. Tofauti ni milioni 5 na ushee kila mwaka, na hapo sijagusa dizeli ya jenereta, aliyefanya biashara kipindi cha mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 anajua uniti ya jenereta inavyouma. Kama kiwanda kipo kwenye tarifu ya viwanda bei ya uniti ni ndogo zaidi, kwahiyo punguza, usimjazie mhasibu namba maana bili anaijua kuliko wewe.

Lakini ukiishia kwenye umeme umekwisha. Milioni 5 kwa mwaka dhidi ya manunuzi ya makumi ya mamilioni, mhasibu anapiga hesabu dakika mbili anakurudishia karatasi yako na yuko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba ameulizwa tununue au tusinunue, wakati zile saba zitakufa zote, moja moja, kila moja kwa siku yake. Idara ya mauzo itanunua ya kwake kwa dharura bila kushindanisha bei, inapandishwa basi la usiku kutoka Dar, siku mbili ankara hazitoki na gari la samaki liko getini halina karatasi, halafu miezi sita mbele stoo nao wanarudia yaleyale. Hiyo hela inatoka kila mwaka ila kwa vipande, kwenye mafungu tofauti, ndo maana hakuna anayeiona. Weka mbili za kupangwa upande mmoja, saba za dharura upande wa pili. Tena wenye mfumo endeshi wa Windows Server 2012 walishaachwa bila masasisho ya kawaida tangu Oktoba 10, 2023 na ya 2016 inafuata Januari 12, 2027, kwahiyo kukaa bila kufanya kitu nako kuna gharama.

Wanaopinga wana hoja na sio ya kupuuza. Mashine moja ikibeba kila kitu, ikianguka kampuni nzima imesimama, leo seva ya mishahara ikizingua angalau mauzo yanaendelea. Leseni nazo, Broadcom walivyoinunua VMware, kampuni ya programu inayoifanya mashine moja ifanye kazi kama seva nyingi, Novemba 2023 wakaacha kuuza leseni za kudumu na kuhamia malipo ya vipindi, waliokuwa wamepiga hesabu za miaka mitano zikavurugika. Proxmox, programu ya kazi hiyohiyo, unaweza kuitumia bila kununua leseni, ila inataka fundi anayeijua, na asiwe mmoja tu. Halafu matawi: ukiondoa seva ya Sengerema ukaileta Nyakato, mkongo ukikatwa Sengerema hawauzi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 fundi hasubiri tena kivuko, kwahiyo ile sababu ya kuondoa seva za matawini eti ni mbali kwa fundi haina nguvu kama zamani, mimi ningewaachia mashine ndogo ya kuuzia na kuunganisha za makao makuu tu.

Ile ya kuanguka kwa pamoja ndo inaamua kila kitu. Ziwe mbili, na kila moja iweze kubeba mzigo wote peke yake, na bakapu ikae jengo lingine kabisa na ijaribiwe kurudishwa. Uongozi ukisema hela ipo ya mashine moja tu, basi wasiunganishe mwaka huu, wanunue bakapu na betri mpya za UPS, hiyo moja waisubirie mwenzake kwenye bajeti ijayo.