Mkato Usioonekana: Uhariri wa Filamu na Hukumu ya Mtazamaji

Mwongozaji Mrusi Vsevolod Pudovkin alisimulia jaribio alilolifanya pamoja na Lev Kuleshov, ambapo picha ileile ya uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin iliunganishwa kwa zamu na sahani ya supu, maiti ya mwanamke na mtoto aliyekuwa akicheza. Kwa mujibu wake, watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuzama katika mawazo, kuhuzunika, kisha kutabasamu, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Hapo ndipo ilipo nguvu ya uhariri, yaani kazi ya kukata na kuunga vipande vya picha: mtazamaji haambiwi jambo, bali huunganisha vipande mwenyewe, na ni vigumu mno mtu kuitilia shaka hukumu anayoamini kuwa ameifikia peke yake.

Wanaoutetea uhariri wana hoja nzito. Saa nyingi za picha haziwezi kuonyeshwa zote, na hata kamera isiyokatwa imekwisha kuchagua ielekezwe wapi. Zaidi ya hayo, mkato unaweza kufichua ukweli uliositiriwa. Mwaka 1927 mtengenezaji filamu wa Kisovieti Esfir Shub alizipanga upya picha za kumbukumbu za enzi ya mfalme Nikolai II wa Urusi, zikiwemo zilizopigwa na wapiga picha wa mfalme mwenyewe, akaziweka kando ya picha za kazi ngumu na vita, na fahari ya ikulu ikageuka kuwa mashtaka. Ilikuwa propaganda, naam, lakini siwezi kusema kwamba tofauti ile kati ya ikulu na wavuja jasho ilibuniwa kwenye meza ya uhariri.

Tatizo huanza pale mpangilio unapodai wakati au sababu ambayo haikuwapo. Julai 2007, BBC iliomba radhi kwa tangazo la makala ya televisheni kuhusu Malkia Elizabeth II, lililomwonyesha kana kwamba ameondoka kwa hasira katika kikao cha kupigwa picha, wakati kwa kweli alikuwa akielekea kwenye kikao hicho. Kila picha ilikuwa halisi. Uongo ulikaa katikati ya picha na picha. Oktoba mwaka huohuo, mkuu wa chaneli ya BBC One, Peter Fincham, alijiuzulu.

Katika filamu ya kubuni sioni kosa, kwa kuwa mtazamaji amekubali kuongozwa. Wasiwasi wangu ni makala na taarifa za habari, hasa mahojiano, ambamo picha ya mikono ya msemaji au ya msikilizaji anayetikisa kichwa hufunika mahali maneno yalipokatwa. Kifuniko hicho kikiondoa kikohozi, hakidhuru. Kikiunga nusu ya jibu moja na nusu ya jingine, msemaji amewekewa kauli asiyoitoa. Kwa kuwa mtazamaji hana njia ya kutofautisha hali hizo mbili, ningependa katika mahojiano yenye uzito mkato uachwe wazi, hata kama picha itaruka na macho yatakereka.