Uso au jamvi?

Riwaya hii ya mapenzi nimeinunua Mwembe Tayari, Mombasa, mkono wa pili, shilingi 250, mbio mbio nisije nikapokonywa. Mwandishi huyu ndiye aliyewahi kuniliza ndani ya feri ya Likoni mpaka mama mmoja akanipa ncha ya leso yake nijifute.

Safari hii? Bwana mpenzi kazi yake kukunja uso. Anakunja garini, anakunja akila, anakunja akiomba radhi. Uso au jamvi? Bibiye naye, daktari mzima, kila sura anateleza ngazini ili adakwe. Na ile barua iliyofichwa si ndiyo ya kitabu chake cha pili, majina tu yamegeuzwa!

Mbaazi zangu zimepoa bure. Dadangu ananicheka: kijacho hununui? Nitanunua, lakini niache kwanza ninune.