Sleji za mbwa Greenland si kichekesho

Desemba 2024 Denmark ilitangaza kuongeza ulinzi Greenland, kisiwa chake cha barafu, meli, droni za masafa marefu na timu mbili za sleji za mbwa, yaani mikokoteni isiyo na magurudumu inayoburutwa na mbwa juu ya theluji, basi watu wakang'ang'ania hapo kwenye mbwa, Trump akazibeza na mitandaoni wakacheka wee. Mimi sikucheka. Kikosi cha Sirius cha jeshi la Denmark kinapiga doria kaskazini mashariki mwa Greenland kwa mbwa tangu 1950, askari wawili wawili, miezi kwenye barafu, na siyo kwamba jeshi limekosa hela ya pikipiki za theluji. Pikipiki ikizima kule hakuna gereji. Mbwa mmoja akichechemea, wenzake wanavuta.

Wanaotetea pikipiki hawaongopi lakini. Inakimbia, na isipotumika haili kitu, wakati mbwa anataka nyama ya sili na samaki mwaka mzima kwa kazi ya miezi michache tu. Halafu kuna ile minyororo, mbwa mkubwa anashinda kafungwa nje, mgeni akiona roho inamuuma na simlaumu.

Ila angalia kamba. Wawindaji wa Qaanaaq, mji wa kaskazini magharibi mwa Greenland, kila mbwa wanamfunga na kamba yake, wanatanuka mbele ya sleji kama vidole vya mkono, uzito unagawanyika na mmoja akizama hazami na wenzake. Shida ni kwamba wakikimbia wanapishana pishana, kamba zinajisuka kama nywele, dereva anasimama, anavua glavu, anafumua kwa vidole vitupu kwenye baridi ile, wanaondoka, baadaye anafumua tena. Anavumilia manake mbwa akihisi barafu nyembamba anagoma au anakwepa, pikipiki haigomi, inazama na wewe.

Sasa namba inayoninyima raha. Mwaka 2002 mbwa wa sleji Greenland nzima walikuwa kama 25,000, kufika 2020 kama 13,000. Yaani karibu nusu, miaka 18 tu! Pikipiki imechangia, ila na barafu ya bahari yenyewe inaondoka, Juni 2019 kuna picha ilisambaa ya mbwa wa huko Qaanaaq wakivuta sleji ndani ya maji, barafu ipo chini ila iliyoyeyuka juu haina pa kupenyea.

Na mbwa hawa huagizi nje, sheria inakataza kuingiza mbwa wengine maeneo ya sleji ili damu isichanganyike, hata wa kwao akitoka harudi. Mtoto wa mbwa anajifunza kazi kwa kukimbia katikati ya wakubwa. Kwa hiyo mwindaji akiachana na mbwa wake leo anunue pikipiki, kesho akiwataka tena atawatoa wapi, kama na jirani yake kaachana nao?