Miezi Minne Aliyonyimwa

Ijumaa iliyopita tulimuaga afisa mradi mmoja wa asasi yetu, inayoendeshwa kwa fedha za wafadhili. Miaka sita kazini, mikataba tisa. Hesabu hiyo aliitaja mwenyewe, bila kinyongo, huku ameshika zawadi yake, na chumba kizima kikanyamaza. Mkurugenzi akasimama kumjibu: kazi hii ni wito, na mwenye wito hahesabu mikataba.

Nimelala na kauli hiyo, nimeamka nayo. Siwezi kuinyamazia.

Chanzo cha tatizo nakijua. Mshahara umeandikwa kwenye bajeti ya mradi. Mradi ukifungwa, mtu anaondoka nao. Utaratibu huo mkurugenzi hakuutunga, na kwa hilo simlaumu. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, hata asasi zilizoongozwa vizuri zilijikuta zinawarudisha watu nyumbani. Yapo mambo ambayo kiongozi hana la kufanya.

Lakini kusema anachokijua, siku anapokijua, hilo liko mikononi mwake kabisa. Barua ya mfadhili kwamba awamu ya pili haitakuwepo ilifika ofisini miezi minne kabla hajaambiwa. Menejimenti iliisoma. Mwenzetu aliambiwa zikiwa zimebaki wiki mbili mkataba wake uishe, tena baada ya kukamilisha tathmini ya mwisho, kwa sababu walihofia kwamba akijua mapema ataanza kutafuta kazi kwingine. Bila shaka angetafuta! Ana watoto wanaosoma, ana kodi ya nyumba. Ile miezi minne ilikuwa yake. Tuliichukua tukamalizia ripoti.

Na gharama yake hailipwi na yeye peke yake. Tangu Ijumaa ofisi imebadilika. Watu wanazungumza kwa sauti ya chini, wanafunga milango, wanaandika upya wasifu wao saa za kazi. Kila mmoja anajiuliza kama kuna barua nyingine kwenye droo yenye jina la mradi wake. Nimeshasikia kuna mpango wa kututoa nje ya ofisi siku nzima kwa michezo ya kujenga timu. Nawaomba fedha hizo ziachwe, na siku hiyo tukae tuonyeshwe bajeti.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuliona likifanyika. Bosi wangu wa kwanza katika kazi hizi alikuwa mkali, hakujua kusifia mtu, na vikao vyake vilikuwa virefu mno. Ila kila robo mwaka alifungua jedwali la bajeti mbele yetu sote, dereva na mhudumu wa ofisi wakiwemo, akatuonyesha mshahara wa kila nafasi una fedha hadi mwezi gani. Mwaka ambao fedha ziliisha kweli, wawili waliondoka mapema, naye akawaandikia barua za mapendekezo kwa mkono wake. Sisi wengine tulibaki hadi siku ya mwisho, tukafunga hesabu na kukabidhi kila faili. Sijafanya kazi na timu iliyoshikamana kuliko ile, na ilikuwa inavunjwa.

Wapo watakaosema ukweli wa mapema unavunja ari. Kwa wiki moja hivi, ndiyo, unavunja.

Hili la wito nalo linahitaji kusemwa wazi. Shirika la Afya Duniani, lilipoufafanua uchovu wa kazi mwaka 2019, lilieleza kuwa unatokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Kwa hiyo mtu anapoishiwa nguvu, kabla ya kuukagua moyo wake tukague ofisi yake. Likizo zisizochukuliwa na Jumamosi zisizolipwa nitaziandikia siku yake.

Jumatatu nilikuta daftari la mwenzetu mezani kwangu. Ameorodhesha viongozi wa vikundi vyote tunavyofanya navyo kazi: nani apigiwe simu jioni tu, nani hasomi vizuri hivyo asitumiwe ujumbe wa maandishi, nani amefiwa mwaka huu na anahitaji kutembelewa. Hakuna aliyemwomba aandike.